IST Yenye Injini ya Pili

*Magari madogo kutoka Japani yamezeekea katika barabara zetu. Injini ikifa, mwenye gari huamua haraka, mara nyingi bila kipimo wala karatasi.*

Boneti imeegemezwa ukutani. Bampa liko pembeni, rejeta imelazwa juu ya gunia, na injini inaning'inia kwenye winchi ya mnyororo iliyofungwa katika tawi la mwarobaini. Gari lenyewe ni Toyota IST, toleo la kwanza, na dashibodi yake ilikuwa imevuka kilomita 280,000 lilipozimika. Dereva, kijana anayebeba abiria kwa programu ya simu, amekaa juu ya tairi tangu asubuhi.

Taa nyekundu iliwaka akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Abiria alikuwa amebakiza mwendo mfupi kufika, naye akaona amfikishe kwanza, kwa sababu safari isiyokamilika hailipwi. Mwendo huo mfupi ulitosha. Hedi imepinda, maji yameingia kwenye oili, na kilichotoka chini ya injini kina rangi ya chai ya maziwa.

Fundi amempa njia tatu: kuifungua injini na kuitengeneza, kununua nyingine ya mtumba Kariakoo, au kuliuza gari kama lilivyo. Hiyo ya tatu hawezi kuiamua peke yake. Gari ni la mkataba, na bado hajamaliza hesabu ya tajiri.

Pita gereji za Tabata, Sinza au Mbagala siku yoyote ya kazi, utakuta gari dogo lililofunguliwa mbele namna hii na mtu aliyekaa karibu nalo akipiga simu za kutafuta fedha. Uamuzi anaoufanya siku hiyo ni miongoni mwa maamuzi makubwa kifedha katika nyumba yake, na huufanya akiwa na taarifa chache kuliko alizokuwa nazo siku aliyonunua simu.

Gari lililovuka umri wa kwao

IST ya kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007 juu ya msingi wa Vitz, gari ambalo mwaka 1999 lilichukua nafasi ya Starlet. Kwa hiyo hata ile changa kabisa ya toleo hilo sasa inagonga miaka 20. Japani, gari jipya la abiria hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama zake. Wengi huko huona nafuu kuliuza gari likiwa bado na nguvu. Meli hulileta kwetu, nasi tunalianzishia maisha ya pili ambayo kwa kawaida huwa marefu na magumu kuliko ya kwanza.

Wapo wanaoshauri kwamba gari likifika hapo lisitiwe tena fedha, mtu anunue jingine. Ushauri huo ungefaa kama gari jingine lingekuwa rahisi. Tanzania haizuii gari la zamani kuingia, lakini hulitoza umri: lenye miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30. Mbali na huo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotokana na ukubwa wa injini, na VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya hayo yote. Ukijumlisha, gari la zaidi ya miaka kumi hutozwa kodi inayokaribia thamani lililofikia nayo bandarini.

Kenya imeshika njia nyingine: gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza haliingii kabisa. Matokeo kwa mwenye gari kuukuu yanafanana pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Kubadilisha gari ni ghali, kwa hiyo hubadilishwa injini.

> Gari la zaidi ya miaka kumi hutozwa kodi inayokaribia thamani lililofikia nayo bandarini.

Bloku isiyochongeka

Mafundi wenye umri mkubwa wana malalamiko yao, na yana msingi. Wanasema vijana wa siku hizi hawatengenezi injini, wanazihamisha tu. Wao walijifunza kazi kwenye Starlet na Corolla, zenye injini kama 4E na 5A ambazo bloku yake ni chuma cha kusubu. Silinda ikilika, bloku ilipelekwa karakana ikachongwa, zikawekwa pistoni na ringi za saizi ya juu, na injini ikaanza upya. Fundi wa mashine alikuwa mtu wa heshima mjini.

Injini zilizofuata hazikutengenezwa kwa mawazo hayo. Ndani ya IST na Vitz nyingi kuna familia ya NZ, yenye bloku ya aluminiamu ambayo silinda zake zimevishwa ukuta mwembamba wa chuma. Imekuwa nyepesi na hainywi mafuta sana. Lakini ukuta ule hauna nyama ya kuchonga kama bloku za zamani. Silinda ikikwaruzwa sana au kupanuka, karakana haina pa kushika. Ndiyo maana kijana wa leo anahamisha injini: chombo alichokabidhiwa hakimpi nafasi ambayo mwalimu wake aliipata.

Hata hivyo wazee wana haki katika jambo moja, nami nasimama upande wao. Injini nyingi zinatupwa zikiwa hazijafa. Gari likichemka mara moja na kuzimwa mapema, huenda kilichoharibika ni hedi na gasketi yake. Hedi iliyopinda kidogo husawazishwa kwa mashine, gasketi ikabadilishwa, vali zikakaguliwa, na gari likarudi barabarani kwa gharama iliyo chini sana ya injini nyingine. Kazi hiyo inataka fundi apime upinde wa hedi kwa rula ya chuma iliyonyooka, si kwa jicho. Inataka pia apime mgandamizo wa kila silinda kabla ya kufungua chochote.

Kipimo hicho cha mgandamizo ni kigeji kinachokaa pale plagi inapokaa. Injini huzungushwa kwa stata, sindano ikapanda, namba ikaandikwa. Silinda zote nne zikisoma juu na kwa kukaribiana, sehemu ya chini ya injini ni nzima. Moja ikianguka, fundi humwaga oili kidogo ndani na kupima tena: namba ikipanda, ringi ndizo zimechoka, isipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi. Ni kazi ya muda mfupi. Fundi anayesema injini imekufa bila kuifanya anakisia kwa fedha ya mtu mwingine.

Ziko hali ambazo hazina mjadala. Injini iliyonoki kwa kukosa oili, ambayo beringi zimekula kranki, haifai kubembelezwa. Inayotoa moshi wa bluu kila ikikanyagwa na kula lita ya oili kabla ya wiki kuisha imechoka ringi, na kwa NZ yenye kilomita nyingi kuibadilisha mara nyingi ni busara kuliko kuifungua. Tatizo ni kwamba makundi haya mawili, inayotibika na isiyotibika, hupewa dawa ileile.

Gerezani, sakafuni

Injini ya pili hutoka wapi? Kwa Dar es Salaam jibu ni Kariakoo, hasa mitaa ya Gerezani na Shaurimoyo. Nairobi wana Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wazima bado wanaiita Grogan. Kampala wana soko la Kisekka. Injini hupangwa sakafuni kwa safu, nyaya zimekatwa, matundu yamezibwa kwa matambara. Nyingi hutoka moja kwa moja Japani, ambako tangu 2005 sheria ya urejelezaji magari imeweka utaratibu maalumu wa kuvunja magari yaliyostaafu. Nyingine hupitia Sharjah, kwenye soko kubwa la vipuri vilivyotumika, kabla ya kupakiwa tena kwa Afrika Mashariki.

Gari zima linapotoka Japani huwa na karatasi inayoonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Injini iliyotolewa kwenye gari haina dashibodi wala kumbukumbu. Muuzaji anayesema injini yake ina kilomita 60,000 hana pa kuzisoma. Pengine anasema kweli kama alivyoambiwa, lakini naye kaambiwa na mtu ambaye hakuliona gari.

Wauzaji wana upande wao. Wananunua kwa kontena bila kuchagua moja moja, bei yao hupanda na kushuka pamoja na dola, na wamechoka na wateja wanaorudisha injini iliyoharibiwa na fundi wakati wa kufunga. Ndiyo maana dhamana yao ni fupi, na wengi huhesabu kuwa imekufa mara mnunuzi akifungua hedi. Hofu hiyo naielewa. Ila inamwacha mnunuzi akibeba hatari yote: kama hakuifungua hajui alichonunua, na akiifungua amepoteza haki ya kurudisha.

Mnunuzi mwenye subira bado ana mambo ya kufanya palepale sakafuni. Kranki izungushwe kwa mkono kwa spana. Inayogoma au kukwaruza iachwe. Kifuniko cha oili kifunguliwe. Utando mweusi mzito ndani yake ni ishara ya mtu aliyepitisha muda wa kubadilisha oili. Plagi zichomolewe zote zitazamwe. Baadhi ya maduka hukubali kufunga stata na betri hapohapo ili mgandamizo upimwe. Duka linalokataa kipimo hicho limeshajibu swali.

Kisha isomwe namba. Hapa ndipo wengi hulizwa. IST ilikuja na injini mbili: 2NZ ya cc 1,298 na 1NZ ya cc 1,497. Kwa nje ni ndugu. Hata kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75. Kilichotofautiana ni mwendo wa pistoni, milimita 73.5 kwa 84.7. Mtu anaweza kulipia kubwa akapewa ndogo, asijue mpaka mlima wa kwanza. Jibu limegongwa kwenye bloku yenyewe, ambako namba ya injini huanza na jina la aina yake.

Hata zenye jina moja hazilingani zote. Kuna ambazo mafuta yake huvutwa kwa waya wa pedali na kuna zinazoendeshwa kwa umeme. Kuna zilizokaa na gia boksi ya otomatiki ya gia nne na zilizokaa na ile ya mkanda isiyo na gia. Ukichanganya, kompyuta ya gari hukataa na taa ya injini haizimi. Fundi mzuri humtuma mteja sokoni na vitu viwili: namba ya chasisi na picha ya injini ya zamani kabla haijatolewa. Fundi bora zaidi huenda naye.

> Duka linalokataa kupima mgandamizo limeshajibu swali.

Mkataba usiotaja injini

Nirudi kwa lile la mkataba, kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi na halizungumzwi. Katika mpango huo tajiri hununua gari, dereva hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana gari huwa la dereva. Matengenezo madogo, yaani oili, plagi, breki na tairi, kwa kawaida ni ya dereva. Injini haitajwi. Makubaliano mengi yapo kwa mdomo au kwenye ukurasa mmoja uliochapwa stationari, nao huhesabu miezi na fedha tu.

Injini ikifa katikati, kila mmoja ana hoja ya kweli. Tajiri anasema gari lilikabidhiwa likiwa zima na aliyeliendesha taa nyekundu ikiwaka si yeye. Dereva anasema gari lilikuwa tayari na kilomita nyingi kupita kiasi, tena siku zote alilipa hesabu hata foleni ilipomnyima kazi. Akilipia injini yeye, anaweka kitu cha thamani kubwa ndani ya mali ambayo kisheria bado ni ya mwingine. Akigoma, anapoteza miezi yote aliyokwisha kulipa. Gari linakaa gereji, hesabu inaendelea kuandikwa, na kila siku inayopita inamwongezea deni mtu ambaye chombo chake cha kulipia kimening'inia mtini.

Maoni yangu hayana kificho: anayeandika mkataba ndiye mwenye nguvu, na ndiye apaswaye kuandika injini. Kifungu kimoja kinatosha. Injini ikifa kwa uzembe uliothibitishwa, dereva abebe. Ikifa kwa umri, tajiri abebe, au wagawane na muda wa mkataba usogezwe. Na kilomita za siku ya makabidhiano ziandikwe pamoja na namba za mgandamizo, ili hata miaka miwili baadaye neno umri liwe na kipimo.

Namba kwenye kadi

Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, huandika namba ya chasisi, namba ya injini na ukubwa wa injini. Injini ikibadilika, kadi inapaswa kubadilika. Kwa vitendo, magari mengi hutembea na namba ya injini iliyokwisha yeyushwa zamani, na hakuna anayegundua mpaka siku ya kuuza, siku ya ajali au siku ya ukaguzi wa polisi.

Siku hiyo mwenye gari halali hujikuta anaeleza. Namba isiyolingana na kadi ni dalili ambayo polisi huitafuta kwenye gari la wizi, na kampuni ya bima inayolinganisha gari na kadi ina sababu ya kuuliza. Kama injini ndogo ilitolewa ikaingia kubwa, cc nazo haziwiani.

Kinachomkinga ni karatasi tatu: risiti ya injini iliyotoka kwenye mashine ya kodi (EFD), barua ya gereji inayotaja namba iliyotoka na namba iliyoingia, na kadi iliyorekebishwa. Ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Risiti nyingi za sokoni huandika neno "spea" na jumla ya fedha. Risiti ya namna hiyo haimthibitishii mtu kitu. Akidai namba ya injini iandikwe, wakati mwingine huambiwa bei itapanda, kana kwamba ukweli ni huduma ya ziada.

Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 214, haijamtupa mnunuzi. Inatambua kwamba mtu akimweleza mfanyabiashara matumizi ya kitu anachotaka, na akategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Injini iliyouzwa kwa ajili ya IST inapaswa kuendesha IST. Lakini ili mtu aitumie haki hiyo lazima aonyeshe ni injini ipi aliyouziwa, na tunarudi palepale kwenye namba isiyoandikwa. Serikali haihitaji kutunga sheria mpya kwa hili. Ingetosha kuwataka wauzaji wa injini zilizotumika waandike namba kwenye kila risiti, na kusimamia hilo pale Gerezani, si semina hotelini.

Kilichoua ya kwanza kitaua ya pili

Injini nyingine ikishafungwa, furaha ya kusikia imewaka hufunika swali la msingi: ile ya kwanza ilikufa kwa nini? Kama ni joto, chanzo chake bado kimo ndani ya gari. Rejeta iliyoziba ni ileile. Feni isiyozunguka ni ileile. Mipira ya maji imekauka vilevile.

Halafu kuna desturi ya gereji zetu ya kuondoa themostati na kujaza maji ya bomba, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Nchi ni ya joto kweli, lakini bloku ni ya aluminiamu, na maji ya bomba huila taratibu na kuacha kutu na chumvi kwenye njia nyembamba za rejeta. Bila themostati injini huchelewa kufika joto lake, kompyuta huendelea kuongeza mafuta kana kwamba ni alfajiri ya Njombe, na petroli inayozidi huosha oili kwenye kuta za silinda. Tunadhani tunaikinga injini kumbe tunaisaga. Kwenye Vitz na Passo nyingi hakuna hata mshale wa joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Dereva ambaye taa yake ya bluu inachelewa sana kuzimika anapewa taarifa ambayo hakuna aliyemfundisha kuisoma.

Kwa hiyo bajeti ya injini isiishie kwenye injini. Iwe na rejeta iliyosafishwa au mpya, pampu ya maji, themostati halisi, kulanti badala ya maji, mauntingi, sili ya nyuma ya kranki ambayo ni rahisi kuibadilisha injini ikiwa nje na ghali ikiwa ndani, filta na oili ya daraja linaloandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili hiyo ya kwanza imwagwe mapema, baada ya kilomita 1,000 hivi, kwa kuwa huondoka na uchafu uliokaa ndani tangu injini ilipozimwa Japani. Baada ya hapo, kwa gari linaloshinda kwenye foleni ya Dar es Salaam, kilomita 5,000 ni umbali wa kutosha kwa oili moja.

Pia litazamwe bodi. Gari ambalo sakafu imeoza kwa chumvi ya Kigamboni, au lililowahi kupigwa likanyooshwa vibaya, halistahili injini ya pili hata ipatikane kwa bei ya kutupa. Hapo kuuza ndiko kunakofaa, tena mapema, wakati milango, taa, viti na gia boksi bado vina mnunuzi.

Bado kuna ile bloku iliyotolewa. Wanunuzi wa chuma chakavu hufika gereji kabla bolti za injini mpya hazijakazwa, maana aluminiamu ina bei, na fundi huiuza siku hiyohiyo kwa fedha ya chakula cha mchana. Isiuzwe. Namba inayosomeka kwenye kadi imegongwa pale, na mpaka TRA watakapoandika nyingine, hicho ndicho kithibitisho pekee kwamba injini iliyotoka ni ya gari hilo. Ipigwe picha, ifungwe kwenye gunia, ikae nyumbani kwa mwenye gari mpaka kadi itoke.